Sura ya Sita: Ringi Yenye Matundu 40

Neno bodaboda ni mtoto wa Busia. Katika miaka ya 1960 na 1970, msafiri aliyeshuka gari upande wa Uganda alilazimika kuvuka eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha kabla ya kupata gari jingine upande wa Kenya. Waliomvusha ni vijana wenye baiskeli, wakimwita kwa Kiingereza cha mpakani kilichomezwa nusu: boda, boda, yaani toka mpaka hadi mpaka. Siku hizi pikipiki ndizo zimelishika jina hilo, na tangu 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha forodha. Lakini ukitoka mjini ukielekea kaskazini, katika njia za vumbi za kaunti ndogo ya Sikuda na kuendelea upande wa Tororo, baiskeli nyeusi ya kazi bado haijastaafu. Inabeba mihogo, makaa na mitungi ya maji, na palipo na baiskeli hapakosi fundi.

Kwa sura hii tunamwomba fundi huyo kitu kimoja tu: ringi ya nyuma iliyovuliwa tairi na kung'olewa spoku zote. Baiskeli hizi mara nyingi huwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, maana nyuma ndiko unakokaa mzigo. Ringi yenye matundu 40 ni kipima pembe ambacho kiwanda kimekuchorea bila kujua. Mzunguko mzima ni nyuzi 360. Ukigawa kwa 40, kila pengo kati ya tundu na tundu ni nyuzi 9 likitazamwa kutoka katikati. Tundu la valvu lisikuchanganye. Hilo ni la ziada, nasi tutalifanya alama ya kuanzia kuhesabu.

Mwanafunzi anapokutana na pembe isiyojulikana, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta kanuni: ni ipi kati ya zile nane au tisa alizokariri? Katika sura hii tutaziweka kanuni pembeni kwanza na kuiuliza pembe yenyewe swali moja: unatazama nini? Ringi itatusaidia kulijibu kwa kuhesabu mapengo.

Kuzunguka shamba lenye kona tatu

Kabla ya kuishika ringi, kuna deni la kulipa. Kila mtu aliyepita shule ya msingi anajua kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi 180. Wachache wameambiwa kwa nini.

Chukua shamba lenye kona tatu na mipaka iliyonyooka. Simama katikati ya mpaka mmoja, uso ukielekea kona iliyo mbele, kisha uanze kutembea kulizunguka. Ukifika kona ya kwanza unageuka, ukifika ya pili unageuka, na ya tatu vivyo hivyo, mpaka unarudi ulipoanzia ukitazama kulekule ulikokuwa ukitazama. Mwili wako umezunguka mara moja kamili. Kwa hiyo migeuko mitatu ikijumlishwa ni nyuzi 360, liwe shamba la nusu ekari au la ekari kumi.

Sasa tazama kona moja kwa karibu. Kama usingegeuka, ungeendelea kunyooka na kuingia shamba la jirani. Mgeuko wako na pembe ya ndani ya shamba zimelala bega kwa bega juu ya mstari huo mnyoofu, kwa hiyo pamoja ni nyuzi 180. Kona ziko tatu: 180 mara 3 ni 540. Toa migeuko yote, 360, na kinachobaki ni 180. Hizo ndizo pembe za ndani.

Matembezi hayo yametupa zawadi ya pili, ambayo tutaihitaji sana. Mgeuko wa kona moja ni 180 ukitoa pembe ya ndani ya kona hiyo. Lakini 180 ukitoa pembe hiyo ni sawasawa na jumla ya pembe mbili zilizobaki. Basi pembe ya nje ya pembetatu ni sawa na pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo zikijumlishwa. Ikiwa pembe hizo mbili ni 50 na 65, pembe ya nje ni 115, na hukuhitaji hata kuitafuta pembe ya tatu.

Pembetatu zilizojificha ndani ya duara

Turudi kwenye ringi. Ilaze chini juu ya karatasi kubwa au juu ya udongo uliosawazishwa, uchore duara lake, kisha utie alama katikati. Umbali kutoka katikati hadi ukingoni ni nusukipenyo, na nusukipenyo zote za duara moja ni sawa. Maneno haya yanaonekana mepesi mno kuwa na faida, lakini maswali mengi ya mtihani yamejificha humo.

Chagua matundu mawili ukingoni, uyaunganishe kwa uzi. Mstari huo unaokata duara toka ukingo hadi ukingo tuuite ugwe, kwa kuwa umekaa kama uzi wa upinde. Sasa unganisha kila tundu na katikati. Umepata pembetatu ambayo pande zake mbili ni nusukipenyo, yaani pande mbili sawa. Hiyo ni pembetatu pacha, na tabia ya pembetatu pacha ni kwamba pembe mbili zinazokabili pande zilizo sawa nazo ni sawa.

Mchoro wa mtihani haukuambii hivyo. Unakuonyesha mistari miwili ikitoka katikati, na mwenye swali ananyamaza. Ni juu yako kusema: mstari huu na ule ni nusukipenyo, kwa hiyo hapa pana pembetatu pacha. Mwanafunzi anayekwama kwenye swali la duara, mara nyingi amekwama kwa sababu hajaitamka sentensi hiyo.

Nusu ya kinachoonekana katikati

Sasa tuingie kwenye kiini cha sura. Acha matundu mawili, A na B, yakiwa na mapengo 8 kati yake. Mtu aliyesimama katikati ya duara anaitazama A, kisha anageuza kichwa kuitazama B. Kichwa kimegeuka nyuzi 8 mara 9, yaani 72. Mwingine amesimama ukingoni, kwenye tundu P lililo ng'ambo ya duara, naye anageuza kichwa kutoka A hadi B. Amegeuza nyuzi ngapi?

Pima kwa kipima pembe na utapata 36. Msogeze hadi tundu jingine la upande uleule, upime tena: 36. Msogeze karibu kabisa na A, ambako jicho linakudanganya kwamba pembe lazima iwe imebadilika: 36 tena. Mtu wa ukingoni siku zote huona nusu ya kile anachoona mtu wa katikati, na hakuna tofauti amekaa tundu lipi, alimradi asihamie kwenye kipande cha ukingo kilicho kati ya A na B.

Kwa nini? Chora mstari kutoka P upite katikati ya duara na kutokeza ng'ambo. Mstari huo unaigawa pembe ya P vipande viwili. Kimoja kinaegemea upande wa A, kingine upande wa B. Tazama upande wa A. Kutoka katikati hadi P ni nusukipenyo, na kutoka katikati hadi A ni nusukipenyo. Pembetatu pacha hiyo! Kama kipande cha pembe kilichopo P ni x, basi na pembe iliyopo A ni x. Pembe ya nje ya pembetatu hiyo, iliyopo katikati ya duara, ni jumla ya hizo mbili zilizo mbali nayo: x na x, yaani 2x. Ile zawadi ya shambani imetufaa. Upande wa B mambo ni yaleyale: y kule P inazaa 2y katikati. Kwa hiyo P anaona x na y zikijumlishwa, na mtu wa katikati anaona maradufu yake. Ikiwa katikati ya duara pamebaki nje ya pembe ya P, unatoa badala ya kujumlisha, na jibu halibadiliki.

Ringi sasa inazungumza lugha mbili. Kutoka katikati, kila pengo ni nyuzi 9. Kutoka ukingoni, kila pengo ni nyuzi 4.5. Ukilishika hili, mengi yaliyobaki ni kuhesabu.

Kuhesabu mapengo

Lipe namba 1 tundu lililo karibu na valvu, kisha ufuate mzunguko. Funga uzi kutoka tundu la 1 hadi la 9, kutoka la 9 hadi la 23, na kutoka la 23 kurudi la 1. Umepata pembetatu yenye mapengo 8, 14 na 18 kwenye pande zake. Pembe zake ni ngapi?

Iulize kila moja inatazama nini. Pembe ya tundu la 23 inatazama mapengo 8: 8 mara 4.5 ni 36. Pembe ya tundu la 1 inatazama mapengo 14: ni 63. Pembe ya tundu la 9 inatazama mapengo 18: ni 81. Jumlisha: 180. Haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu pembe tatu kwa pamoja zinautazama ukingo wote, mapengo 40, na 40 mara 4.5 ni 180. Mtu asije akadhani kwamba huu ni uthibitisho mpya wa nyuzi 180. Nyuzi hizo tulikwisha kuzitumia njiani. Ila sasa unaziona zikiwa zimetandazwa ukingoni kama shanga.

Wanafunzi hukariri kanuni tatu zinazofuata kama vile hazina undugu. Zote tatu zimo katika hesabu hii moja.

Ya kwanza ni pembe ndani ya nusu duara. Ikiwa ugwe unapita katikati, basi kila upande una mapengo 20, na pembe inayoyatazama ni 20 mara 4.5, yaani 90: pembe mraba. Seremala anayetaka kupata katikati ya meza ya duara anaweza kuitumia kanuni hii hata kama hajui jina lake. Anaweka kona ya kipimo chake cha mraba ukingoni mwa meza, anatia alama pale mikono miwili ya kipimo inapokata ukingo, kisha anaunganisha alama hizo. Mstari huo ni kipenyo. Akirudia kutoka mahali pengine anapata kipenyo cha pili, na vinapokatana ndipo katikati.

Ya pili ni pembe za upande mmoja: matundu yote yanayotazama mapengo yaleyale yanaona pembe ileile. Hiyo tumeiona kwa P aliyekuwa akihamahama.

Ya tatu ni umbo la pande nne lenye kona zote ukingoni. Kona mbili zinazokabiliana zinatazama vipande viwili vya ukingo ambavyo pamoja ni ukingo wote. Mapengo 40 tena, nyuzi 180 tena. Kona moja ikiwa 108, inayoikabili ni 72.

Kwa nini spoku hazielekei katikati

Sasa mrudishie fundi ringi yake, utazame anavyoifunga spoku. Hazielekei moja kwa moja katikati ya ekseli. Zinatoka kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, zikiwa zimelala, huku kwenda mbele na huku kwenda nyuma, na kupishana njiani. Mfumo huo ulipewa hataza mwaka 1874 na James Starley wa Coventry, Uingereza, nao una sababu. Mnyororo unapovuta habu, habu inataka kuzunguka. Spoku iliyonyooka toka katikati haina mkono mzuri wa kuuhamisha msukumo huo hadi kwenye ringi. Iliyolala ikigusa ubavu wa duara dogo la habu inavutwa kwa kunyooka, kama kamba inayofunguka kutoka kwenye gogo.

Mstari unaogusa duara mahali pamoja tu bila kulikata unaitwa tanjenti, na kanuni yake ni moja: pale unapogusa, unafanya pembe mraba na nusukipenyo. Gurudumu likiwa barabarani, ardhi ndiyo tanjenti yake, na mstari kutoka kwenye ekseli hadi mahali tairi linapogusa ardhi umesimama wima.

Hapa tunaweza kulichukua swali moja la aina inayopendwa na watunga mitihani wa pande zote mbili za mpaka, tulifumue hadi mwisho. Katikati ya duara ni O. A, B na C wako ukingoni, C akiwa kwenye kipande kikubwa cha ukingo. Pembe OAB ni nyuzi 25. Tafuta pembe ACB.

Hatua ya kwanza ni kutamka ile sentensi: OA na OB ni nusukipenyo. Basi pembe OBA nayo ni 25. Ya pili: pembetatu OAB ina 180, kwa hiyo pembe iliyopo O ni 180 ukitoa 50, yaani 130. Ya tatu: C anatazama kipande kilekile anachokitazama O, ila yeye yuko ukingoni. Nusu ya 130 ni 65. Hilo ndilo jibu.

Usifunge daftari bado. Kama C angekuwa kwenye kipande kidogo, kati ya A na B, angetazama upande wa pili wa ukingo: 360 ukitoa 130 ni 230, nusu yake 115. Na 65 ukijumlisha 115 ni 180, kama lile umbo la pande nne lilivyotuahidi. Sasa chora tanjenti inayogusa A. Inafanya 90 na OA. Toa 25, na pembe kati ya tanjenti na ugwe AB ni 65, sawa na pembe ya C. Hiyo ni kanuni nyingine ambayo vitabu huipa ukurasa wake peke yake, na sisi tumeikuta njiani tukipita.

Mwamba wa Tororo na duara lisiloonekana

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya daftari. Tumpeleke Sikuda, tumsimamishe mahali palipoinuka, asubuhi isiyo na ukungu. Hana simu. Ana ramani, kipima pembe na macho. Anataka kujua amesimama wapi.

Kaskazini-mashariki, akipata mahali ambapo vilima vya Sukulu haviukingi, ataona Mwamba wa Tororo, jiwe la volkano la takriban mita 1,480 juu ya usawa wa bahari, lililochomoza juu ya mji. Tuseme upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka, anaona mnara wa simu, na kusini-mashariki anaona kilele kimoja cha vilima vya Samia. Vyote vitatu vimo kwenye ramani yake. Mlima Elgon ungependeza zaidi machoni, lakini ni mpana mno. Mpimaji anataka ncha.

Anapima pembe kati ya Mwamba na mnara. Tuseme ni 40. Hajui umbali wowote, lakini tayari anajua jambo kubwa: yuko ukingoni mwa duara fulani, kwa sababu mahali pote ambapo Mwamba na mnara vinaonekana kwa nyuzi 40 kutoka upande huo pako juu ya tao la duara moja. Mtu wa katikati ya duara hilo angeona 80. Pembetatu inayounganisha katikati hiyo na Mwamba na mnara ni pacha, basi pembe zake mbili zilizobaki ni 50 na 50. Kwenye ramani, anachora mstari kutoka Mwamba hadi mnara, anapima 50 kila mwisho, na mistari miwili inapokutana anachoma bikari na kuzungusha duara.

Kisha anapima pembe kati ya mnara na kilele cha Samia. Tuseme ni 70. Katikati ni 140, na pembe za chini ni 20 na 20. Anazungusha duara la pili. Maduara mawili yanakatana mahali pawili: mahali pa kwanza ni kwenye mnara wenyewe, na mahali pa pili ndipo alipo. Hesabu hii ya alama tatu ilifumbuliwa na Mholanzi Willebrord Snellius mwanzoni mwa miaka ya 1600, wakati alipokuwa akipima nchi yake kwa mnyororo wa pembetatu kutoka mnara wa kanisa hadi mnara wa kanisa.

Mnyororo kama huo ulipita pia Afrika. Kazi aliyoihimiza mwanaastronomia David Gill tangu karne ya 19, ya kupima kwa pembetatu kando ya longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ilipitia magharibi mwa Uganda na kukamilika mwaka 1954. Jina la kazi hiyo bado limo pembezoni mwa ramani za Kenya, Uganda na Tanzania: Arc 1960. Katika pembetatu kubwa namna hiyo, hata zile nyuzi 180 huzidi kidogo, kwa kuwa ardhi ni mviringo: takriban sekunde moja ya uzi kwa kila kilomita za mraba 200. Shamba lako la kona tatu halina haja ya kuhofia.

Kuna mahali pamoja ambapo mtu wetu wa Sikuda angekwama. Kama kwa bahati mbaya amesimama juu ya duara lilelile linalopita kwenye Mwamba, mnara na kilele, maduara yake mawili yatakuwa duara moja. Hayakatani mahali pamoja, yamelaliana. Angeweza kusogea kilomita nzima kando ya ukingo huo na pembe zote mbili zisibadilike hata kidogo, kama P kwenye ringi. Wapimaji huliita duara la hatari. Vipimo vyake viko sahihi na kosa hakufanya, ila maswali yake mawili yamekuwa swali moja. Dawa ni kutafuta ncha ya nne.

Jaribu mwenyewe

Msomaji aliyefika hapa anaweza kuirudia ringi ya matundu 40 na kutafuta pembetatu yenye pande zote tatu sawa, ile ya 60, 60 na 60. Atafunga uzi huku na huku, na hataipata. Pembe ya 60 inataka kutazama mapengo 60 gawa kwa 4.5, yaani 13 na theluthi, na fundi hatoboi theluthi ya tundu. Mraba utaupata kwa urahisi, mapengo 10 kila upande. Gurudumu la mbele lenye 32 lina shida hiyohiyo, kwa kuwa 32 haigawanyiki kwa 3. Muulize fundi kama ana ringi ya baiskeli ya milimani yenye matundu 36, kisha uhesabu.

Utafunga uzi kwenye tundu la 1, na mengine mawili ni yapi?